Daftari la Tali

Miaka thelathini na moja nilihesabu magunia ya wenyewe
gati la tano, Kilindini: vijiti vinne vimesimama,
cha tano kimelala juu yao kama mlevi.
Mchele wa Karachi, saruji, mbolea iliyonuka mpaka ndotoni.
Gunia likipasuka niliandika "pungufu", nikatia sahihi,
na kapteni akaninunia mpaka meli ing'oe nanga.

Sasa nahesabiwa mimi.

Kila baada ya miezi mitatu, saa moja asubuhi, kabla ya mahamri,
Mghoi hunifunga mpira juu ya kiwiko,
hupapasa, hukosa, hupapasa tena.
"Mzee Shekue, mishipa yako yatoroka kama mwenye deni."
Binti wa Wundanyi; mkono wake mwepesi, ulimi wake zaidi.
Chupa mbili. Ya kifuniko cha zambarau
ni ya kujua kama mwilini mna ghasia,
askari weupe wangapi wametoka kambini na silaha.
Ya manjano hutafuta kitu kimoja tu,
na ndiyo nisiyoitazama ikijaa.

Daktari Bhanji alinichorea nyuma ya risiti ya maabara.
Ulipokuwa tumboni mwa mamako, alisema,
utumbo wako ulikuwa ukitengeneza protini hii.
Ulipozaliwa ukaiacha, kama mtoto aachavyo ziwa.
Uvimbe ukiota, huikumbuka.
Huanza kuitengeneza upya, nayo huvuja katika damu.

Nilikaa kimya, akadhani sikuelewa.
Mamangu, Bi Mwanamize, alifariki nina miaka minne.
Sina picha yake. Sijui alicheka vipi.
Na kumbe kazi niliyokuwa nikiifanya ndani yake, gizani,
ndiyo wanayoivizia kwangu kwa sindano.

Kabla ya kisu: arubaini na moja.
Wakakata shubiri moja na nusu ya utumbo, wakaunga.
Mwezi wa kwanza: mbili nukta mbili.
Mwanasha alipika pilau, akagawa sahani mpaka nyumba ya kona,
wala majirani wa Kibokoni hawakuambiwa ni ya nini.
Wa nne: mbili nukta sita.
Wa saba: tatu nukta moja.

Mpaka ni tano, asema daktari.
Chini ya hapo yaweza kuwa mafua, yaweza kuwa mashine,
yaweza kuwa sigara nilizovuta zamani Shimanzi,
yaweza kuwa si kitu.
"Namba moja haisemi, Mzee. Zikifuatana ndipo husema."
Anieleza mimi hayo!
Mimi niliyemnasa mwizi wa sukari
kwa gunia moja moja, meli hadi meli, mwaka mzima.

Leo nimepewa bahasha, sikuifungua njiani.
Makadara nilipita kwa haraka, sikumsalimu mtu,
nikaiweka mezani kando ya mbaazi.
"Wangoja nini?" Mwanasha akauliza. "Iko humo humo, hata usipoifungua."
Tatu nukta nne.

Hakusema. Akaenda jikoni, akafungua mfereji, akaufunga.
Nikatoa daftari langu la mwisho la bandari,
lile nililostaafu nalo bila ruhusa,
nikaandika tarehe, nikaandika namba,
kisha nikachukua rula nikapiga mistari mitupu chini yake,
mmoja kwa kila safari, mpaka ukurasa wa pili, mpaka miaka mitano itimie.

"Yote hiyo ya nini?"
"Ya kuandikia."
Akaihesabu kwa kidole, polepole, akapotea, akaanza tena.
"Na hapa penye sahihi?"

Hapo sikugusa. Karani hatii sahihi
meli ikiwa bado yapakua.
Akanivuta mkono, akabandua pamba ya Mghoi
niliyosahau kuitoa.